Miguu Iliyoonekana Chini ya Meza

Tarehe 9 Januari

Mpwa wangu Sisimizi,

Soma barua hii ukiwa umekaa, usije ukaanguka. Bahati ingekuwa mvua, mimi ningekuwa nimeshazama. Nimepewa hoteli! Si ya kulala, mama; kulala hotelini hata mbu hulala. Nimepewa niiweke vigae yote: vyumba arobaini, mabafu arobaini, na ukumbi wa chini ambao ukisimama mlangoni huoni mwisho wake. Chini yangu wapo mafundi kumi na mmoja. Mimi sipigi magoti tena. Natembea na pima maji mkononi, naiweka hapa, naiweka pale, nasema, "Bomoa, rudia," na mtu mzima mwenye ndevu zake anabomoa. Juzi mwenye hoteli kanishika bega mbele ya wahandisi, akasema, "Huyu mzee jicho lake limenyooka kuliko uzi." Nikajifanya sijasikia ili arudie.

Hujambo lakini? Mama yako je, bado anashona vifungo vya sare kwenye kile kiwanda? Mwambie kaka yake anamsalimu na magoti yake ni mazima kama ya mbuzi. Kikohozi chake kimeisha? Asipuuze, kikohozi ni kama mgeni, ukimzoea anahamia.

Sasa neno lenyewe. Dada aliniambia kwenye simu, kabla chaji yangu haijaisha, kwamba unatengeneza kitabu cha maisha yako, na kwamba huandiki, unachora. Nikasema, huyu kweli ni wetu. Shule mimi niliishia darasa la sita, unajua, lakini dunia imenipa digrii tatu, na katika zote hakuna iliyonifundisha kwamba mtu wa miaka ishirini na saba anaweza kulipwa kwa kuchora katuni za utotoni mwake. Hongera! Akasema na mimi nimo. Basi nitumie nijione. Ushauri wangu wa bure: nichore mrefu. Na nywele niwekee zile za zamani, hizi za sasa zimekwenda likizo.

Mjomba wako, Fundi Mkuu

Tarehe 2 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imefika na tumeicheka. Nimeicheka mimi, nisiseme uongo. Mama aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya sufuria ambayo haitumiki. Hajambo, kikohozi kimepungua. Mimi pia sijambo, ila shingo inauma kwa kuinamia meza. Hongera kwa hoteli.

Ndani ya bahasha hii kuna nakala za sura ya nne. Ni karatasi kumi na sita. Nimekutumia hiyo tu kwa sababu ndiyo yako. Ni asubuhi ile uliyoondoka kwenda kwenye kazi ya lile jumba. Nilikuwa na miaka minane na nilikuwa chini ya meza ya jikoni, pale nilipokuwa nashinda, hata ukanipa jina la Sisimizi. Wewe na Mama mlikuwa mnasema jambo kwa sauti ya chini. Sikusikia maneno, nilisikia sauti tu. Na sikuona chochote juu ya magoti. Kwa hiyo nimechora nilichokiona.

Nina ombi moja. Mwisho wa sura kuna fremu moja tupu. Pale mtoto anatoka chini ya meza na kukutazama mara ya mwisho kupitia mlango. Kila nikitaka kuchora uso wako, mkono unakataa. Najua nilikutazama. Siukumbuki uso huo. Ulikuwa na hasira? Ulikuwa unalia? Nikikuuliza kwenye simu unacheka kisha chaji inaisha, ndiyo maana nimekuandikia. Mhariri anataka kurasa zote mwisho wa Juni.

Mpwa wako

Tarehe 27 Februari

Mpwa wangu mwenye vidole vya dhahabu,

Salamu nyingi kama mchanga. Hapa kazi inachapa, tumemaliza ghorofa ya pili. Mafundi wangu wawili wamegombana kwa ajili ya mwiko, nikawapatanisha kwa hadithi mpaka wakasahau mwiko ni wa nani, nikauchukua mimi. Dada aendelee na dawa.

Bahasha nimeipata. Nilisema nitaifungua kwa heshima, nikanawa mikono, nikavaa miwani. Nikatoa karatasi ya kwanza: miguu. Ya pili: miguu. Ya tatu, miguu na mguu wa meza. Nikasema, labda vichwa vinakuja na posta ya kesho! Mtoto, nimehesabu fremu themanini na mbili, na ndani yake hamna pua hata moja. Watu wa dunia hii watanunua kitabu wajue mjomba wako alikuwa mwanamume wa namna gani, wakute soksi?

Halafu yale mapovu meupe yanayopanda juu ya miguu. Nilifikiri ni ya sabuni, kwamba mama yako alikuwa anafua. Nilikwenda nayo mpaka karatasi ya saba nikijiuliza nguo ziko wapi. Jirani yangu hapa, fundi saa, ndiye aliyeniambia kwamba mapovu hayo ni mahali pa kuandikia maneno ya watu, na wewe hukuandika kitu. Kwa nini? Umetengeneza mabirika kumi na matano hujatia chai hata kwenye moja.

Na karatasi zako hazina namba! Nilizitoa zote zikachanganyika, sikujua ipi inamfuata nani. Mtu mwingine angekuandikia uzitume upya. Mimi ni nani? Nikaangalia chini kwenye michoro yako, nikaiona sakafu ya jikoni kwetu. Ile niliiweka kwa mikono yangu hii, vigae vyeusi na vyeupe kwa mshazari, na mistari yake umeichora sawasawa, inakatwa na ukingo wa karatasi na kuendelea kwenye nyingine. Nikasema, kumbe dawa iko hapa. Nikazipanga chini chumbani kwangu kama ninavyopanga vigae: mstari ukutane na mstari, nyeusi ifuate nyeupe. Ile karatasi yenye mlango wa jikoni nikaiweka mlangoni kwangu, ndipo mahali pake. Nyingine zikaingia ndani mpaka ile yenye meza, ambayo imeangukia karibu na kitanda. Hakuna hata uwazi wa unywele. Nilijisifu peke yangu kwa sauti.

Nikatoka kwenda kazini. Niliporudi mchana nikafungua mlango, na chini pale kwenye miguu yangu hadithi inaanza. Nikatembea nayo.

Sisimizi, hapo ndipo uliponishinda. Mlango mtupu kwanza, mwanga umelala sakafuni. Kisha viatu vyangu. Kisha viatu na sanduku. Kila karatasi vinakaribia meza, kila karatasi ndala za mama yako ziko palepale, kisigino kimoja kimeinuka kama mtu anayetaka kuja na hataki. Na viatu vyangu umevichora vinatazama mlangoni! Mtu anaingia ndani lakini ncha za viatu zinatazama nje. Mwanzoni nikasema amekosea, nani anaingia nyumbani kinyumenyume kama kaa? Halafu nikakaa kitandani. Nikasema, hapana, hakukosea. Amechora mwili unaoingia na viatu vinavyotaka kutoka. Ndivyo ilivyokuwa siku ile niliporudi, na sijapata kumwambia mtu.

Lakini ulikuwa shule. Dada alikusimulia lini? Tulikubaliana usijue.

Uso tutauzungumza baadaye. Weka tu tabasamu.

Mjomba wako

Tarehe 15 Machi

Mjomba, shikamoo.

Hatujambo. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama posta, nikarudi kwenye foleni bila sababu, karani akaniuliza nataka stempu ngapi, sikujua.

Umezisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. Kosa ni langu, mimi huchora nikizisambaza chini na namba huzitia mwishoni. Sura ile inaanza mezani na inaishia mlangoni. Viatu vinatazama mlangoni kwa sababu mtu yule anaondoka. Hakuna mahali anaporudi. Mjomba, wewe hukurudi. Kitabu chote, kurasa mia moja na arobaini, kimesimama juu ya hilo: Mjomba alitoka asubuhi na sanduku, akasema Jumapili, na hakurudi.

Umesema "siku ile niliporudi". Siku ipi?

Nilimwuliza Mama. Alikuwa anashona kifungo cha koti. Alipokimaliza akakishona tena, juu ya uzi uleule, kisha akasema, "Muulize mwenye miguu." Nikasema, "Mama, mjomba alirudi?" Akasema chai inapoa. Hatukuwa na chai, mjomba. Sufuria ilikuwa haijawekwa jikoni.

Kuhusu mapovu matupu: ningeandika nini humo? Ningebuni? Sauti ya Mama ilikuwa inapanda na kushuka, yako ilikuwa fupi, kwa hiyo mapovu yake nimeyafanya marefu yanayobanana na yako madogo yanayokaa mbali. Nilidhani msomaji atasikia. Labda hatasikia, labda ataona sabuni. Sasa sijui tena nilichochora ni nini. Picha ni zilezile, mtu mmoja anazipanga hivi mjomba anaondoka, mwingine anazipanga vile mjomba anarudi, na miguu haikubadilika hata kidole. Nitamwambia nini mhariri?

Nijibu upesi, tafadhali.

Mpwa wako

Tarehe 30 Aprili

Mpwa wangu mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa, hoteli inanila. Mwenye hoteli sasa anataka nembo ya vigae katikati ya ukumbi, simba mwenye mabawa, na akasema, "Hiyo haigusi mtu ila wewe." Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa nakata simba. Mabawa yameshakamilika. Dada hajambo? Na shingo yako? Iweke kitambaa cha moto.

Lile la kurudi usilibebe. Nilikuwa na homa, nikaona picha zako, kichwa kikachanganya. Mtu mwenye homa anaweza kusema alikuwa mfalme. Unanijua mimi, mdomo wangu hauna breki.

Tuzungumze ya maana, maana kama fundi nimekuonea jambo. Nafasi baina ya fremu zako hazilingani! Karatasi za mwanzo zimebanana, huwezi kupitisha wembe. Za katikati nafasi ya kidole. Ile ya mlango umeacha weupe mpana kama uchochoro. Fundi wangu akifanya hivyo namfukuza. Sisi tuna vile vimsalaba vya plastiki, unaviweka kila kona, nafasi inakuwa moja mwanzo mpaka mwisho. Nikutumie? Ninavyo gunia. Ingawa, nikwambie siri ya kazi: vigae vikibanana mno bila nafasi, joto likija vinanyanyuka na kupasuka katikati ya chumba, pa! kama risasi. Watu wanadhani nafasi ni ya urembo. Nafasi ndiyo inayobeba.

Kuhusu uso, nimefikiria. Nichore mbele ya hoteli, kofia ngumu kichwani, mafundi kumi na mmoja nyuma yangu. Ningekutumia picha, ila kamera ya msimamizi imeingia maji.

Mjomba wako, Fundi Mkuu

Tarehe 26 Mei

Mjomba, shikamoo.

Tumepokea. Hatujambo, Mama amerudi kazini.

Nafasi zile nimeziacha zisilingane makusudi. Pale mlipokuwa mnasema kwa hasira nilibana, kwa sababu chini ya meza nilikuwa sipati hewa. Ulipoanza kutembea nikapanua kidogo kidogo. Uchochoro mweupe wa karatasi ya mlango ni miaka yote iliyofuata. Wewe umeeleza vizuri kuliko nilivyomweleza mhariri, halafu ukataka kunitumia vimsalaba.

Sikuamini homa. Jumamosi iliyopita Mama alipokuwa kazini nilichukua zile karatasi nikazipanga jikoni kama ulivyozipanga wewe, mlango mlangoni, meza mezani, juu ya sakafu yenyewe. Nilitaka kuona ulichokiona. Mama akaingia kabla sijaziondoa. Hakukuwa na njia nyingine ya kupita. Nilifikiri atanigombeza. Akavua ndala, akazishika mkononi, akatembea juu ya karatasi pole pole kama mtu anayevuka maji, mpaka mezani. Akakaa. Kisha akasema, "Umekosea viatu. Siku ile havikuwa na vumbi."

Nikasema, "Siku ipi, Mama?"

Akasema, "Fundi vigae gani anatoka kazini wiki mbili bila vumbi la simenti kwenye viatu? Hata mtoto angeona. Ndiyo maana alikuogopa wewe kuliko mimi." Akainuka, akafungua bomba, akaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Nilimsihi. Akasema hilo si lake kulisema, na kwamba amelibeba kwa niaba ya mtu mwingine mpaka mkono umekufa ganzi.

Uliniogopa mimi? Nilikuwa na miaka minane!

Sasa nikwambie ambalo halimo kitabuni, maana nililiacha kwa woga. Siku mbili kabla hujaondoka niliona juu ya meza ile barua ya kazi ya jumba, iliyokuwa na mhuri, ambayo ulimwonyesha kila mtu. Nyuma yake nikachora samaki kwa kalamu yako ya wino. Samaki mkubwa, wino ukapenya mpaka mbele. Asubuhi ile mlipokuwa mnabishana nilijua ni kwa sababu ya samaki. Nilijua nimeiharibu barua na kazi itakuwa ngumu, na kwamba hukurudi kwa sababu hutaki kuniona. Nimechora miaka yote hii, na kila nikianza ukurasa mpya mkono unaingia baridi kidogo. Watu wanasema ni staili.

Ile fremu bado ni nyeupe. Sitaki hoteli wala simba. Ukinitumia jengo jingine nitaiacha hivyohivyo, na watakaosoma wataamini mjomba wangu alitoka asijali. Mimi pia nitaamini, nikomee hapo, kwa sababu nimechoka kutojua. Tarehe thelathini Juni.

Mpwa wako

Tarehe 19 Juni

Mpwa wangu,

Dada namsalimu. Wewe nakusalimu. Mimi mzima, hayo mengine yapo chini.

Nimeanza barua hii mara nne. Ya kwanza ilikuwa tamu sana, ungecheka, nimeichana.

Samaki nilimwona. Alikuwa na meno. Nilimwona asubuhi ileile, na ninaapa, ndicho kitu pekee kilichonichekesha wiki ile nzima. Hukuharibu kitu, mama. Barua ile haikutoka kwa mtu. Niliiandika mimi. Mhuri ni wa kiwanda cha mama yako, niliuchukua mezani kwa msimamizi siku niliyompelekea dada chakula, nikaugonga ukiwa kombo ili jina lisisomeke. Hakukuwa na jumba. Nilikuwa nimekaa miezi mitano bila kazi, nalala nyuma ya pazia lenu, na kila nikitoka watu wananiuliza, "Fundi, vipi?" Siku moja nikajibu, "Nimeitwa kwenye jumba la vyumba mia." Likatoka lenyewe. Nilivyoona nyuso zao zilivyogeuka, nikaongeza ngazi za marumaru. Mpaka jioni lilikuwa na bwawa.

Asubuhi uliyokuwa chini ya meza, dada alikuwa ameutambua mhuri. Ndiyo maneno uliyokuwa unayatafuta kwenye yale mapovu. Alikuwa anasema, "Usiende. Kaa, tuseme kazi imeahirishwa." Na mimi nasema, "Jumapili nitarudi." Hayo tu, tukiyarudiarudia. Alikuwa hanigombezi, Sisimizi, alikuwa ananishika. Kile kisigino umekichora sawa, alitaka kuja. Sijui umekionaje kule chini.

Nilikwenda mji wa pili. Nilitafuta kazi kweli, sikupata. Siku ya kumi na tatu nikarudi, saa nne asubuhi, ukiwa shule, na viatu vyangu safi kama vya bwana harusi. Dada alifungua mlango hakuniuliza kitu, akanivutia kiti. Mezani lilikuwepo daftari lako limefunguka. Insha. "Mjomba wangu anaweka vigae kwenye jumba la vyumba mia." Mwalimu ameandika kwa wino mwekundu, vizuri sana, soma mbele ya shule nzima. Na wewe ulikuwa umeshaisoma. Dada akasema, "Mtoto anarudi saa saba. Utamwambia mwenyewe, mimi sitamwambia badala yako." Nikasema sawa.

Nilikaa, mama. Nataka ulijue hilo. Nilikaa saa mbili na dakika arobaini kwenye kile kiti. Nilikuwa nimeshapanga na maneno. Halafu nikasikia watoto wanatoka shule kule barabarani, wanapiga kelele, na nikaisikia sauti yako ukimwambia mtu, "Mjomba wangu mimi ..." sikusikia iliyobaki. Nilichukua sanduku nikapitia uani. Dada aliita jina langu mara moja tu. Hakunifukuza. Kama umemfikiria hivyo, futa. Baada ya hapo nikamwomba asikwambie nilikuja, na yeye akasema hatasema uongo ila atanyamaza, na amenyamaza kwa miaka kumi na tisa.

Kwa hiyo karatasi zako zinasomeka kotekote, na sijui ni ipi iliyo sawa. Nilitoka siku ya kwanza nikiwa nataka kubaki, nikarudi siku ya kumi na tatu nikiwa nataka kutoka. Miguu ni ileile. Nimezitazama tena leo, bado ziko chini, sijazitoa, naingia chumbani kwa kuruka. Ukiniuliza mimi kama fundi, usizitie namba. Lakini mimi kitabu najua nini?

Uso. Nimejaribu kwenye kioo cha kunyolea. Siku ile mlangoni ulipotoka chini ya meza nilikuwa nacheka, ndivyo ninavyokumbuka. Sikuwa na furaha wala si kwamba sikujali. Ni kwamba uso mwingine wa kutokea mbele ya watu sikuwa nao, na mpaka leo sijapata. Mtu anayecheka na macho yanatafuta mlango uko wapi. Kama hilo linachoreka, lichore. Kama halichoreki acha nyeupe, sitakulaumu, na nikikuta nyeupe nitajua mwenyewe ni mimi.

Nywele usiniwekee.

Na ile barua ya Januari. Hoteli haipo. Vyumba arobaini havipo, simba hayupo, na hakuna mwenye hoteli aliyenishika bega. Magoti yalikufa miaka sita iliyopita. Nafanya usafi kwenye jengo la ofisi, ghorofa sita, napiga deki korido, na kigae kikipasuka mahali wananiita nikibadilishe kwa sababu nawaambia nilikuwa fundi. Hilo la fundi ni kweli. Mafundi kumi na mmoja sikuwa nao hata siku moja. Nilikudanganya.

Mjomba wako